Mita Thelathini na Sita za Shitingi ya Muhogo

Masisi-centre, tarehe 14 novemba 2019

Kwa Papa Mukubwa wa Njia ya kutoka Masisi kwenda Buleusa
(nafasi ya jina nimeiacha wazi, maana tangu nianze kutafuta karatasi ya kuandikia limekwisha badilika mara mbili; yeyote atakayekuwa anashika njia siku barua inafika, ajue njo yeye ninayemwandikia)

Kuhusu: malalamiko saba, na ombi moja lenye miguu mitatu

Papa Mukubwa wa Njia,

Ninakuandikia kwa heshima yote iliyonibakia kisha barieri kumi na moja, zile kamba za kusimamisha watu njiani. Mimi ni Mumbere Isidore, mutengenezaji wa sabuni. Nilitoka Butembo mwaka 1994 na beseni moja, bidoni mbili za mafuta ya ngazi, yale ya mawese, na kiburi cha kujaza lori. Beseni lilitoboka, mafuta yaliisha, na kile cha tatu njo kilichonifikisha mbele yako leo. Shule niliachia darasa la sita, lakini hesabu ninaijua. Ukikuta namba ndani ya barua hii, uiamini. Ukikuta maneno matamu, ni muke wangu Kyakimwa aliyeyaongeza ili nisipigwe.

Kisa ni hiki. Mutoto wetu Kétsia anafanya kazi ya kuzalisha wamama kwenye materinite ya Buleusa. Mwezi wa nane, wakati wa masasi ya vita, manjanja, mabati ya paa la nyumba ile, yaliondoka na miguu ya watu, sisemi ya nani, yakaacha miti ya paa na mbingu. Mwezi wa kumi Kétsia alizalisha wamama kumi na saba. Tisa kati yao walizalia chini ya mvua, mama mukwe akiwa amesimama na mwavuli, na mwavuli wenyewe ni mumoja tu, una mbavu tano kati ya nane. Akanitumia neno: "Papa, tafuta shitingi." Shitingi unaijua, ile plastiki ngumu ya kufunika nyumba za wakimbizi. Soko letu inazo, zingine zingali na alama ya wale waliozitoa bure. Muntu mwenye akili angenunua mbili, azikunje, azipeleke.

Mimi nikaamua kuitengeneza kwa muhogo.

Sababu zangu zilikuwa nzuri, naomba unisikilize. Mifuko ya plastiki serikali imeikataza. Mufereji wa nyuma ya duka langu umezibwa nayo. Tena plastiki haiozi; mahali petu hapa ninajua kitu kimoja tu kinachodumu kuipita, na hicho wewe unakijua kuliko mimi. Na vyote vya kutumia nilikuwa navyo nyumbani: ule unga mwororo unaotulia chini ya maji ya muhogo, yale maji matamu mazito yanayobaki nikitengeneza sabuni, na kasiksi, pombe ya ndizi, iliyochacha mpaka ikawa siki. Ukivipika pamoja na kuvitandaza juu ya manjanja, kisha siku tatu unapata kitu kinachong'aa kama plastiki na kupasuka kama mukate wa juzi.

Hapo njo nyuzi za mugomba zikaingia. Mama Nyiraneza wa Kingi alikuwa anakata migomba iliyokwisha kuzaa. Nilimuomba mashina, tukakwangua nyuzi, tukaziloweka siku mbili ndani ya maji ya majivu ili zishikane vizuri na uji, tukazichana kama nywele za bibi harusi, tukazipanga ndani ya uji ungali wa moto, zingine kwa urefu, zingine kwa upana, kama fundi anavyopanga vyuma ndani ya beto ya simenti. Gramu mia kwa kila kilo ya unga. Bila nyuzi, shemeji yangu Jules, kilo 78, alilala juu ya shitingi iliyofungwa kati ya nguzo mbili kwa muda wa sekunde nne. Na nyuzi, alilala dakika ishirini, akakoroma, na tulimwamsha kwa sababu tulihitaji nguzo. Kyakimwa alikuwa amesimama mulangoni. Akasema: "Papa Kétsia, wenzako wanakula muhogo, weye unaupiga pasi."

Nilimujibu kwamba ufundi unataka uvumilivu. Kilo tisini za unga wa muhogo zilikuwa zimekwisha kupita kwenye pasi hiyo, na nyumbani tulikuwa tunakula viazi.

Kwa ufupi, nilipata rulo moja, upana mita nne, urefu mita thelathini na sita. Paa la materinite linataka mita ishirini na nne. Nilitengeneza nusu zaidi, maana ninaijua njia yako. Juu ya kila mita niliandika kwa wino: GARANTI SIKU 120 CHINI YA MVUA. Kisha hapo inaoza yenyewe, inarudi udongo, bila kusumbua muntu. Tarehe 10 motari Maurice aliifunga nyuma ya pikipiki yake, akaenda. Jana amerudi. Mita thelathini na sita zilifika Buleusa zikiwa nusu mita. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili usichoke.

1. Barieri ya kwanza. Mwenye zamu alinusa rulo, akatafuna pembe yake, akasema: "Hii iko muhogo. Ni chakula." Na chakula kinatoa kionjo. Wakakata mita moja, wakamupa Maurice jeton, karatasi ya kuonyesha kwamba amelipa. Ni kweli ni muhogo, siwezi kukana. Lakini ni chakula gani, Papa Mukubwa, kinachopimwa kwa mita?

2. Swali hilohilo njo walilomuuliza Maurice kwenye barieri ya pili, alipowaonyesha jeton ya chakula. Wakamucheka. "Chakula yenye iko na mita? Iko kitu ya kujenga hii." Vitu vya kujenga vinatoa mita mbili. Zikabaki thelathini na tatu. Hapa ninalalamika kwa sababu walikuwa na haki.

3. Wa barieri ya tatu ni watu wanaosoma. Waliuliza kama kitu hiki kinang'aa. Kinang'aa. Waliuliza kama maji yanapita. Maurice, kwa kulinda jina langu, akajibu kwamba hayapiti hata tone. "Basi ni plastiki, na plastiki serikali ilikataza." Nilishangaa kidogo, Papa Mukubwa, kwa kuwa wale wa barieri ya tatu wako porini mwaka wa saba sasa kwa sababu ya kuikataa serikali. Sheria zote za Kinshasa wamezitupa, wakabakisha hiyo moja. Faini mita tisa. Zikabaki ishirini na nne, kamili kwa paa. Maurice anasema alipiga ishara ya musalaba kwa kuona jinsi nilivyopima vizuri, na hakujua kwamba mbele kuna zingine nane.

4. Barieri ya nne anakaa Papa Kabera. Simulalamikii kwa chuki. Ni muntu wa buku, mwandiko wake ni safi, na meza yake ina kitambaa. Aliomba jeton zote tatu, akazipanga mbele yake. Moja inasema chakula, moja inasema kujenga, moja inasema plastiki. Muntu mwingine angezitupa na kukata anavyotaka. Papa Kabera alivua miwani, akasema: "Maurice, siwezi kusema wenzangu ni waongo. Kama iko chakula, na iko ya kujenga, na iko plastiki, basi inalipa zote." Moja na mbili na tisa, jumla kumi na mbili. Alikata kwa rula, akaandika, akapiga muhuri. Ninakiri kwamba kwenye njia nzima yeye peke yake alifanya hesabu bila kosa, na njo aliyeniumiza kupita wote.

5. Tangu barieri ya tano mpaka ya kumi hawakuuliza kitu. Walikata mita moja moja, kama watu wanaochuma mboga. Ninalalamikia hasa huko kutouliza. Nilikuwa nimemufundisha Maurice maelezo ya dakika tatu juu ya nyuzi za mugomba, maji ya majivu na faida ya kitu kinachooza chenyewe. Alijifunza yote kwa kichwa, masikini, na hakuna aliyetaka kuyasikia. Muvumbuzi anavumilia mengi, lakini kunyang'anywa na muntu asiyetaka hata kujua amenyang'anya nini, hilo lina uchungu wake.

6. Barieri ya kumi na moja waliniua kwa huruma. Zilikuwa zimebaki mita sita. Mukubwa wa pale alimutazama Maurice kama muntu anavyotazama mugonjwa. "Mita sita? Paa gani hiyo? Unaenda kumuchekesha mutoto wa wenyewe." Akakata mita tano na nusu ili kumupunguzia muzigo usio na kazi, akamwachia nusu mita ya heshima.

Kétsia aliipokea nusu mita hiyo mbele ya wamama wanne waliokuwa wanangoja siku yao. Aliitandaza, akasoma garanti, akauliza: "Papa ni muzima?" Maurice akajibu ni muzima. "Kichwa pia?" Maurice akainama kutazama gurudumu la pikipiki. Kétsia akaikunja nusu mita, akaiweka juu ya sanduku, akarudi kazini. Kila juma mutoto huyu alikuwa ananitumia neno, hata wakati wa masasi, hata kwa muntu wa kwanza anayepita na mbuzi. Safari hii Maurice alirudi bila neno. Mita ninaweza kutengeneza zingine, Papa Mukubwa. Lile neno sijui linatengenezwa na nini.

7. Lalamiko la saba ni gumu kuliandika kwa sababu ni sifa. Wakati wa kurudi, Maurice alikuta vibanda vya barieri vimefunikwa na shitingi yangu, na anasema inapendeza, rangi ya chai ya maziwa. Walinzi walikuwa wamekaa chini yake, wanamuita: "Motari, ambia muzee wa sabuni atume ingine. Hii iko nguvu." Kwenye barieri ya saba mita yao waliichana vipande, wakasokota kamba, na kamba hiyo njo wanayovuta kati ya miti miwili kusimamisha watu, ile ya kekele ya kukata porini waliyokuwa nayo wameitupa. Kwa hiyo wamama wa Buleusa wanalowa, na wale wanaozuia paa lao lisifike wamekaa chini ya kazi ya mikono yangu, nyuma ya kamba ya kazi ya mikono yangu. Niliposikia hivyo machozi yalinitoka. Kisha nikamuuliza Maurice: "Kweli walisema iko nguvu?" Nilimuuliza mara mbili. Kyakimwa alisikia mara zote mbili.

Sasa, kwa kuwa mimi ni muntu wa kazi, nimekaa na kalamu nikatafuta njia. Ili mita ishirini na nne zifike nzima kwa Kétsia, kufuatana na desturi za barieri zako, na nikikubali kwamba wa mwisho anaacha sehemu moja tu kati ya kumi na mbili, lazima nitume mita mia tatu na kumi na nane. Nimepiga hesabu mara tatu. Ni kilo mia saba tisini na tano za unga wa muhogo. Masisi italala njaa ili Buleusa isilowe, na ninyi mutakuwa na shitingi za kufunika kilima. Njia hiyo nimeiacha.

Nimetafuta basi ni kitu gani kinachopita barabarani kwako bila kukatwa. Si chakula, si dawa, si maiti. Mwaka jana tulimuzika shangazi ya Kyakimwa akiwa amepungukiwa blanketi mbili. Kitu kimoja tu hakilipi barieri, nacho ni barieri yenyewe. Ombi langu linatoka hapo.

Muguu wa kwanza: unipe kazi ya kutengeneza kamba za barieri zako zote kumi na moja, mita sita kila moja, za muhogo na nyuzi za mugomba, bure kabisa. Umekwisha kusikia sifa zake kwa watu wako mwenyewe.

Muguu wa pili: rulo mupya ya Kétsia isafiri pamoja na kamba hizo, imeandikwa VIFAA VYA BARIERI, na asiiguse muntu.

Muguu wa tatu ni kwa ajili ya dhamiri yangu, maana mimi ni Mukatoliki na sipendi kuandika uongo juu ya muzigo. Ninaomba materinite ya Buleusa iandikwe kuwa barieri. Usicheke, sikiliza kwanza. Kila muntu anayepita njia hii alianza kwa kupita pale ao mahali kama pale. Hakuna aliyepita bila kukawizwa. Wote wanafika mikono mitupu na bado wanashikwa, wanageuzwa, wanapimwa. Wengi wanapita wakilia. Asiyelia anapigwa mpaka alie. Na mwenye zamu, Kétsia, anaandika kila mupitaji ndani ya buku, saa na uzito, na kama Papa Kabera akilikagua buku hilo hatapata kosa. Vyote vya barieri viko pale isipokuwa bunduki. Uiite Barieri Namba Sifuri. Ikisha kuwa barieri, ina haki ya kibanda kilichofunikwa kama zingine, tena ina haki ya fungu lake la mita kutoka kwa wenzake. Wewe mwenyewe, Papa Mukubwa, na jina lako lolote lile, ulipita kwenye namba sifuri siku moja, na sidhani kama walikukata kitu kingine kuliko kitovu.

Ninakusalimu, pamoja na aliyekutangulia na atakayekufuata kabla ya Noeli. Salamu kwa Papa Kabera na kitambaa chake cha meza. Salamu kwa walinzi wa ya tano mpaka ya kumi, ambao majina yao siyajui kwa kuwa hawakuuliza langu. Salamu kwa wake zenu, na kwa mama aliyemuzaa kila mumoja wenu, popote alipozalia. Na kama siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, basi yeye mupelekee salamu mara mbili.

Mimi, mwenye kupungukiwa mita thelathini na tano na nusu,

Mumbere Isidore
Sabuni ya kipande na ya maji, nyuma ya soko, Masisi-centre

Nyongeza, tarehe 23 novemba. Barua hii ilikwenda mpaka mwisho wa njia na kurudi. Kwenye kila barieri Maurice aliuliza Mukubwa wa Njia ni nani, akapewa majina sita, na wenye mawili kati yao walikuwa wanamutafuta mwenye jina la tatu. Nimeona ni heri niongeze hapa chini kuliko kuandika upya, kwa sababu karatasi ni moja.

Tangu tarehe 14 mvua haikukata siku nane. Kwa Papa Kabera shitingi ilishuka saa sita ya mchana, mita zote kumi na mbili, ikiwa uji, juu ya meza, juu ya miwani, juu ya buku. Anasema kurasa zimeshikana, na mwaka 2019 wote sasa ni kipande kimoja. Kwa wengine ilikuwa vilevile, kila mumoja na siku yake. Juu ya miti zimebaki nyuzi za mugomba tu, zinaning'inia kama ndevu. Nyuzi hazina kosa.

Garanti ya siku 120 niliipata hivi: nilizamisha kipande ndani ya beseni saa nzima, kikatoka kizima. Saa moja ni sekunde elfu tatu mia sita. Nikafikiri matone yanayopiga mahali pamoja, ukiyajumlisha, ni sekunde thelathini kwa siku. Ukigawanya unapata 120. Hesabu ni sahihi. Ni mvua tu ambayo haikuwa ndani yake. Inje sikujaribu, kwa sababu ya mbuzi wa jirani. Na mimi ni muntu wa sabuni, Papa Mukubwa. Miaka ishirini na tano ninauza kitu kinachoyeyuka ndani ya maji.

Kama rulo ingefika nzima, mita ishirini na nne za uji zingewaangukia wamama na vitoto vyao. Kwa hiyo ninafuta lalamiko la kwanza mpaka la saba, na ninawashukuru watu wako kwa kunifanyia majaribio. Namba Sifuri nayo uiache. Kétsia hakungoja: kila mama aliyekuja kupimwa tumbo alileta tita la majani ya mangongo, yale ya kufungia kwanga, mukate wa muhogo, na siku ya salongo, ile ya kazi ya wote pamoja, waume zao wakapanda, saa sita paa likaisha. Majani yalitoka nyuma ya nyumba, hatua mia mbili, hayakupita barieri hata moja. Maurice alisimama chini yake mvua ikinyesha, akatoka mukavu. Na amerudi na neno: "Ambia Papa atume sabuni." Imeondoka leo asubuhi, vipande arobaini. Ninajua vitafika vinane.

Limebaki jambo la kamba. Ile ya barieri ya saba ilikatika yenyewe siku ya sita, maana nyuzi zangu nilizikata fupi, kama urefu wa mukono mpaka kiwiko, na ni uji tu uliokuwa unazishikanisha. Watu walipita kutwa nzima na mizigo yao, hakuna aliyesimama, na walinzi waliokuwa wamejikinga chini ya mugomba waliona jioni. Kwa hiyo ombi la kamba kumi na moja silifuti. Zitakuwa za muhogo uleule na nyuzi zilezile, na ninaweza kuanza kesho.